Mwongozo kamili: namna ya kuwapa mawakala wa Mtwara na Lindi ratiba ya bidhaa wanayoweza kuitegemea

Kampuni nyingi zinazouza kusini kupitia mawakala zinakwama palepale. Modeli mpya ya mashine ya kupulizia mikorosho inaingia sokoni Juni, wakati wakala wa Newala alishajaza stoo modeli ya zamani tangu Aprili na hakuna aliyemdokeza. Au anaambiwa "mzigo unakuja wiki ijayo", anapokea malipo ya awali ya wakulima, na wiki ijayo inakuwa mwezi mzima. Msimu unaofuata haagizi mapema tena. Anasubiri alione lori kwa macho yake ndipo atoe pesa. Kampuni nayo inabaki kulalamika kwamba mawakala wa kusini hawaagizi mapema.

Mwongozo huu ni wa mwenye kampuni, msambazaji au meneja mauzo anayetaka kuondoa tatizo hilo. Mwishoni kuna sehemu fupi ya wakala mwenyewe. Mfano nitakaoutumia ni bloa za kupulizia dawa, lakini ukiuza sola, pampu za maji, mabati au pikipiki hatua ni zilezile.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Orodha ya mawakala wote, duka lilipo, simu, na jina la mtu anayefanya uamuzi wa kuagiza. Mara nyingi siye anayepokea simu.
- Idadi ya mzigo ulioko kwa kila wakala leo, kwa modeli.
- Tarehe za kiwandani, melini na bandarini kutoka kwa watu wanaozijua, zikiwa kwa maandishi.
- Kalenda ya mazao ya kila wilaya unayouzia.
- Mtu mmoja wa kampuni atakayeshika ratiba. Akiwa mmoja, mawakala wanajua wamuulize nani.
- Ruhusa ya mkurugenzi kutoa fidia ya mzigo wa zamani. Bila ruhusa hiyo usiendelee, kwa sababu hatua ya tano itakukwamisha.

## Hatua ya 1: Anza na kalenda ya pesa ya wakala

Kampuni nyingi huanza na tarehe ya kiwanda, halafu zinashangaa kwa nini wakala hachangamki. Wakala haishi kwa robo mwaka za kampuni. Pesa yake inakuja na mazao, na ikishaingia kwenye mzigo imefungwa mpaka mkulima alipwe.

Kwa Mtwara na sehemu kubwa ya Lindi, kupulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga huanza kati ya Mei na Juni mikorosho inapotoa machipukizi na maua, na huendelea hadi karibu Septemba. Kwa hiyo bloa isiyokuwa dukani mwishoni mwa Aprili imeshakosa wateja wa kwanza, nao ndio wenye pesa taslimu. Minada ya korosho huanza Oktoba, na wakulima hulipwa kupitia vyama vyao vya msingi kadiri mauzo yanavyokwenda hadi kuelekea Januari. Huo ndio wakati wa kuuza mabati, sola, redio na pikipiki.

Lindi ina mlango mwingine wa pesa. Ufuta huvunwa na kuuzwa kuanzia Mei na Juni, hivyo wakala wa Nachingwea, Ruangwa au Liwale anaweza kuwa na wateja wenye fedha Julai, wakati mwenzake wa Tandahimba anauza kwa mkopo. Mbaazi nazo huleta pesa kidogo kabla ya korosho. Ukiwatumia wote ratiba moja bila kuangalia jambo hili, nusu yao itawafikia wakiwa mikono mitupu.

Kwa kila wilaya andika vitu viwili: mwezi ambao mkulima ananunua, na mwezi ambao wakala anafunga pesa yake kwenye mzigo. Huo wa pili ndio tarehe yako ya mwisho ya kusema kinachokuja. Habari ya modeli mpya ikimfikia baada ya hapo inamuumiza tu.

Umefanikiwa ukiweza kujibu bila kufungua daftari: "Wakala wa Masasi anaagiza bloa mwezi gani?" Kama jibu ni "inategemea", rudi kwa mawakala watatu wakubwa uwaulize.

## Hatua ya 2: Hesabu kurudi nyuma, kuanzia rafu ya duka

Tarehe inayomhusu wakala ni ya mzigo kuwa dukani. Siku meli inapotia nanga Dar es Salaam haimsaidii kitu, ingawa ndiyo tarehe anayopewa mara nyingi, kisha anadhani amedanganywa.

Tuseme unataka bloa iwe Newala tarehe 30 Aprili. Kila kipande cha safari kipe muda wake: lori wiki 1, kutoa mzigo bandarini wiki 3, meli kutoka China wiki 6, kiwandani wiki 6. Jumla ni wiki 16. Ongeza wiki 3 za tahadhari, zinakuwa 19. Kurudi nyuma kutoka 30 Aprili unaangukia katikati ya Desemba. Siku hiyo oda inatakiwa iwe imelipwa kiwandani.

Sasa angalia mitego iliyomo kwenye hesabu hiyo.

Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya 21 Januari na 20 Februari, na viwanda vingi hufunga kwa wiki kadhaa. Oda ya katikati ya Desemba inaweza kukutana na likizo hiyo ikiwa nusu haijatengenezwa. Muulize kiwanda kinafunga lini, na ikibidi agiza Novemba.

Bidhaa inayotakiwa kukaguliwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) iwe na hati zake kabla haijapanda meli. Kama unauza na viuatilifu, usajili unapitia Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na dawa ambayo haijasajiliwa haina nafasi kwenye ratiba kabisa, hata kwa penseli.

Halafu barabara. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni karibu kilomita 560, na mvua za Machi hadi Mei ndizo zinazokutana na mzigo wa bloa. Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara eneo la Somanga, na magari yalikwama kwa siku kadhaa, wakati uleule madukani wanasubiri mashine za msimu. Kwa hiyo wiki 1 ya lori inatosha Agosti. Aprili weka 2. Kwa Liwale ongeza nyingine, maana mzigo ukishafika Nachingwea bado safari ipo.

Wiki za tahadhari usizile wewe mwenyewe. Meneja anaona kuna wiki 3 za ziada, anachelewesha malipo ya kiwanda wiki 2, na mvua inapofika hakuna kilichobaki.

## Hatua ya 3: Kila tarehe ipewe kiwango chake cha uhakika

Hapa ndipo uwazi wenyewe ulipo. Wakala anaweza kuvumilia tarehe isiyo na uhakika akiambiwa kwamba haina uhakika. Kinachomvunja moyo ni dhana iliyovalishwa sura ya ahadi.

Tumia ngazi tatu, na kila ngazi ifungwe na ushahidi unaoonekana.

Imethibitishwa. Mzigo umeshatolewa bandarini, au uko ghala la kampuni, na bei imepangwa. Wakala anaweza kupokea malipo ya awali ya mkulima.

Inatarajiwa. Oda imelipwa na kiwanda kimeanza kazi, au mzigo uko melini. Wakala atenge pesa, lakini asipokee ya mteja. Toa kipindi, mfano "kati ya 20 Aprili na 10 Mei". Usitoe siku moja.

Inafikiriwa. Kampuni inapima. Hakuna oda wala bei. Wakala anaambiwa ili atoe maoni, na asimwambie mkulima.

Kuna kishawishi cha kuongeza ngazi ya nne, "karibu kuthibitishwa". Ukatae. Meneja mauzo akitaka kitu kipandishwe daraja, aonyeshe karatasi. Kama hana hati ya meli, hakipandi.

Umefanikiwa wakala akikwambia mwenyewe: "Hii bado mnaitarajia, kwa hiyo sijamwambia mtu."

## Hatua ya 4: Amua nani ajue nini

Mawakala wengi wa kusini wanauza bidhaa za kampuni zaidi ya moja, na hawana kosa. Kwa hiyo mambo ya ndani kama bei unayonunulia, jina la kiwanda au modeli ya miaka miwili ijayo si lazima yatoke. Lakini modeli gani inaondoka, lini, vipuri vyake vitapatikana hadi lini, na bei itabadilika mwezi gani, hayo ni haki ya mtu aliyeweka pesa yake kwenye mali yako.

Usimpe wakala mkubwa habari wiki tatu kabla ya wadogo. Atamaliza modeli ya zamani kwa kuwauzia wadogo hao kwa jumla, kisha wao ndio wabaki nayo. Siku moja, saa moja, wote.

Kikundi cha simu cha mawakala kiwe cha ratiba tu. Mazungumzo yakigeuka kuwa "tuuze wote kwa bei hii", yazime papo hapo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kukubaliana bei, na maduka mawili ya Masasi yanayouza bloa ileile ni washindani hata kama msambazaji wao ni mmoja.

## Hatua ya 5: Linda mzigo wa zamani kabla ya kutangaza mpya

Hatua hii ndiyo inayorukwa sana, na ndiyo inayofanya makampuni yafiche ratiba. Wanaogopa kwamba wakisema modeli mpya inakuja, ya sasa itaacha kununuliwa. Hofu hiyo ina msingi. Watu wa biashara ya kompyuta bado wanasimulia habari ya Osborne ya Marekani, iliyozungumzia mashine mpya mapema, ya zamani ikadorora madukani, na Septemba 1983 kampuni ikaomba kufilisika. Wapo wanaosema ilikuwa na matatizo mengine pia. Hata hivyo somo la biashara linabaki: kutangaza bila kupanga mzigo uliopo ni hatari.

Ila kunyamaza hakuondoi hasara, kunaihamishia kwa wakala. Tazama hesabu. Wakala ana bloa 12 alizonunua kwa shilingi 400,000 kila moja. Modeli mpya inafika na ya zamani inashushwa hadi 340,000. Amepoteza 60,000 mara 12, yaani shilingi 720,000, na hakufanya kosa lolote. Kwa duka la wilayani hiyo inaweza kuwa faida yote ya msimu.

Panga ulinzi huu na uandike:

1. Notisi isiyopungua siku 60 kabla modeli haijashushwa bei au kuondolewa.
2. Mashine zilizonunuliwa ndani ya siku 90 kabla ya bei kushuka zifidiwe tofauti. Kama 8 kati ya zile 12 zimo ndani ya muda huo, fidia ni 480,000, ikatwe kwenye oda inayofuata.
3. Maboksi yasiyofunguliwa yanaweza kubadilishwa kwa modeli mpya, kwa idadi mliyokubaliana.
4. Vipuri vya modeli inayoondoka viendelee kuwepo kwa misimu isiyopungua mitatu.

Namba unaweza kuzibadilisha kulingana na mfuko wako. Hiyo ya nne naomba usiiguse. Mkulima wa Kitangari aliyenunua bloa mwaka jana atarudi dukani kutafuta plagi, kabureta au bomba la kutolea hewa. Akikosa, hamlaumu mkurugenzi wa Dar es Salaam asiyemjua. Anamlaumu mama wa dukani anayemwona kila wiki gulioni.

Tahadhari: fidia bila takwimu za mzigo italeta ugomvi. Kila wakala atume picha ya stoo na namba za mashine siku ya notisi, siyo siku ya kudai.

Ukimaliza hatua hii, waulize mawakala wawili: "Tukisema leo kwamba modeli mpya inakuja Agosti, mtaacha kuagiza ya sasa?" Wakijibu wataendelea kuagiza kwa kuwa wanajua watalindwa, uko tayari kutangaza.

## Hatua ya 6: Andika karatasi moja

Ukurasa mmoja unaosomeka kwenye simu. Usitume jedwali la kompyuta. Wengi watalifungua kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, kaunta ikiwa imejaa wateja. Mfano:

> Habari za kazi ndugu wakala. Ratiba ya bloa, imesahihishwa 10 Februari.
>
> LITA 14 (ya sasa): ipo ghalani. Bei haibadiliki hadi 31 Julai. Vipuri vitakuwepo misimu mitatu ijayo.
>
> LITA 20 (mpya): INATARAJIWA kufika madukani kati ya 20 Aprili na 10 Mei. Kontena liko melini, bado halijafika bandarini. Tafadhali usipokee malipo ya awali ya mkulima.
>
> BLOA YA BETRI: INAFIKIRIWA. Hakuna bei wala tarehe. Tunaomba maoni yako.
>
> Ratiba ijayo ni 10 Machi, hata kama hakuna kilichobadilika.

Mstari wa mwisho usiuache. Wakala akijua siku ya habari inayofuata haanzi kuokota tetesi kwa madereva wa malori. Na tarehe 10 Machi itume kweli, hata kama ni kuandika "hakuna mabadiliko".

Weka pia sentensi moja kwamba tarehe zinazotarajiwa zinaweza kubadilika na si mkataba. Moja inatosha. Ukijaza ukurasa kwa kujihami, wakala atasoma kwamba hutaki kuwajibika.

## Hatua ya 7: Kaeni uso kwa uso, angalau mara moja kabla ya msimu

Februari ni mwezi mzuri, kabla pesa haijafungwa. Masasi inawafaa wengi kwa kuwa wa Newala, Nanyumbu na Nachingwea wanafika bila kulala njiani. Wa Kilwa na Lindi mjini wafanyie chao. Usianze na picha za bidhaa mpya. Anza kwa kuuliza kila duka limebakiwa na nini, andika ubaoni, kisha fungua ratiba. Mtu akishaona mzigo wake uliobaki umeandikwa mbele ya wote na umepangiwa ulinzi, atakusikiliza kwenye mengine.

## Hatua ya 8: Tarehe ikisogea, sema ndani ya siku mbili

Tarehe zitasogea. Kipimo cha uwazi wako ni muda unaopita kati ya wewe kujua na wakala kujua.

Makosa ya kawaida ni kusubiri "tupate tarehe kamili kwanza". Usisubiri. Sema unachokijua leo na siku utakayosema tena:

> Mzigo wa lita 20 hautafika kabla ya 18 Mei. Meli imechelewa kutia nanga. Mwenye oda anaweza kuchukua lita 14 badala yake, au kurudishiwa pesa yote ndani ya siku 3. Taarifa inayofuata ni Jumatatu saa 4 asubuhi.

Ujumbe una mambo manne: tarehe mpya, sababu, wakala afanye nini, na siku ya habari nyingine. Sababu iwe ya kweli. Kama kampuni ilichelewa kulipa, andika "tulichelewa kulipa". Mawakala wanajuana na mawakala wa forodha na madereva, na ukweli utawafikia kabla ya mchana.

Mwenye oda kubwa apigiwe simu. Mawakala wengi ni watu wazima, walikuwa sokoni kabla kampuni yako haijasajiliwa, kwa hiyo kijana wa mauzo aanze na "Shikamoo mzee" au "Shikamoo mama", kisha aseme jambo lenyewe dakika hiyohiyo. Kuzunguka sana kwenye salamu huku habari mbaya ipo mfukoni kunaonekana ni woga.

## Hatua ya 9: Pima mwisho wa msimu

Chukua ratiba zote ulizotuma. Kati ya vitu ulivyoandika "imethibitishwa", vingapi vilifika kwa tarehe? Hata kimoja kikikosa, ngazi hiyo inatolewa kirahisi mno. Kwa "inatarajiwa", angalia vingapi viliingia ndani ya kipindi. Tuma matokeo hayo kwa mawakala, mazuri na mabaya. Ishara kubwa kuliko zote ni oda za Januari na Februari za mwaka unaofuata: zikiongezeka, wanakuamini.

## Kwa wakala ambaye kampuni yake haisemi kitu

Usisubiri kampuni ijifunze. Kabla ya kulipa oda, uliza kwa maandishi: modeli hii itauzwa hadi lini, bei itabadilika lini, vipuri vyake hadi mwaka gani, na ikishuka bei ndani ya siku 90 nitafidiwaje. Tuma kwa ujumbe, siyo kwa mdomo, na hifadhi majibu pamoja na risiti.

Wakijibu "usijali bosi, ipo tu", gawa oda yako. Chukua nusu sasa, na nusu nyingine ichukuliwe Aprili kwa bei ileile, iandikwe kwenye ankara. Wakikataa, omba nusu ya pili iwe mali kauli, ulipe ukishauza. Kampuni inayojua modeli inaondoka mwezi ujao huwa haraka kukataa kupanga bei ya Aprili, kwa hiyo hata kukataa kwao kumekwambia kitu. Hapo punguza oda hadi idadi unayoweza kuuza ndani ya mwezi mmoja, na pesa iliyobaki iweke kwenye plagi, mafuta ya injini na vipuri vya mashine ambazo wakulima wako tayari wanazo.